Pumzi ya Kukodi

Neno "mzamiaji" lina kazi nyingi mjini. Ukilitaja kijiweni Temeke au Kariakoo, anayewajia watu kichwani ni yule kijana aliyepenya bandarini usiku, akajibanza ndani ya meli ya mizigo, akaibukia Ugiriki au Afrika Kusini, au hakuibuka kabisa. Ukilitaja kwenye harusi, mzamiaji ni yule anayekula pilau bila kadi. Maana ya tatu ndiyo ya zamani kuliko zote, na ndiyo tunayoikumbuka mwisho: mtu anayejitosa majini akaenda chini. Wazee wa pwani humwita mpiga mbizi.

Makala hii ni ya huyo wa tatu. Nataka kusimulia historia ya jambo ambalo leo linaonekana ni starehe tupu. Kundi la wageni linashuka kwenye ndege, linalala hoteli ya ufukweni, na kila asubuhi linapanda boti na mitungi ya hewa kwenda kutazama samaki chini ya bahari. Ukiwaona utadhani mchezo umeanza jana. Lakini ndugu msomaji, mchezo ule una mababu, na wengi wa mababu hao hawakuwa wanacheza. Na katika historia yote hiyo kuna swali moja linalorudi kila zama: pumzi ya mtu aliye chini ya maji ni mali ya nani?

PUMZI ILIYOWEKWA REHANI

Kabla ya mtungi kuwepo, mtu alishuka na kile alichovuta juu. Mfano mkubwa katika upande wetu wa dunia ni uzamiaji wa lulu katika Ghuba ya Uajemi, tangu Kuwait na Bahrain mpaka Sharjah na Dubai. Msimu mkubwa ulikuwa wa joto, Juni hivi mpaka Septemba. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilihesabiwa mashua zaidi ya 4,000 zenye watu zaidi ya 70,000. Hebu fikiria mji mzima umehamia baharini kwa miezi minne.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha pembe au mfupa, akavaa kikapu, akakanyaga jiwe lililofungwa kamba, akashuka nalo. Juu ya mashua alikaa mwenzake, mvutaji, ameshika kamba ya pili. Kule chini, mita 10, 15, hata 20, mzamiaji alikusanya chaza kwa dakika moja au moja na ushei, kisha akaitikisa kamba. Mvutaji akizubaa, ndiyo basi tena. Safari hiyo ilirudiwa mara nyingi kwa siku, na tumbo tupu, maana aliyeshiba hawezi kubana pumzi. Chakula cha maana kililiwa usiku, samaki na wali na tende.

Mkuu wa mashua aliitwa nahodha, neno lile lile tulilo nalo sisi. Kabla ya msimu nahodha alimkopesha mzamiaji fedha za kuacha nyumbani. Baada ya msimu lulu ziliuzwa, hesabu ikapigwa, na mara nyingi mzamiaji akaambiwa bado anadaiwa. Hesabu aliandika nahodha, na mzamiaji hakujua kusoma. Mwaka uliofuata hakuwa na hiari, ilimpasa arudi kwa nahodha yule yule. Akifa, deni liliweza kumfuata mwanawe. Huko Bahrain, utawala ulipoanza kulazimisha kila mzamiaji awe na kitabu chake cha hesabu katika miaka ya 1920, ulikuta mambo yamekwisha kuota mizizi, na mwaka 1932 wazamiaji walifanya ghasia kwa ajili ya malipo yao.

Na si wote waliokuwa na jina la mtu huru. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini magendo yaliendelea, na vijana kutoka pwani yetu na bara yetu walizidi kupelekwa Ghuba. Sababu ilikuwa biashara. Matajiri wa Paris, London na New York walitaka lulu, Marekani ilitaka tende, na kazi zote mbili zilihitaji mikono. Mtumwa akizamia, mgao wake aliupokea bwana. Katika miaka ya 1920 na 1930 baadhi yao walikimbilia kwa mawakala wa Kiingereza kule Ghuba kuomba hati ya uhuru. Wakaulizwa wametoka wapi, wakaeleza, na karani akaandika. Karatasi hizo zipo mpaka leo, na wanahistoria wamezisoma.

Ushahidi mwingine umebaki kwenye ngoma. Katika nchi za Ghuba huchezwa ngoma iitwayo leiwa, yenye zumari na ngoma kubwa, na ndani ya nyimbo zake yamo maneno ya Kiswahili. Wako wanaoyaimba bila kujua maana yake. Mimi nikisikia hilo hujiuliza: katika wale waliolala chini ya Ghuba wamebana pua, ni wangapi waliota kwa lugha hii ninayoandikia?

Biashara ile haikuuawa na huruma. Mjapani Mikimoto Kokichi alifaulu mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze lulu shambani. Katika miaka ya 1920 lulu za kufuga zikamwagika sokoni, kisha mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka. Mwaka 1932, mwaka ule ule wa ghasia, mafuta yalipatikana Bahrain. Wazamiaji wengi wakaacha kamba, wakashika mabomba.

MBUZI, SIFONGO NA VALVU YA GARI

Wakati huo Ulaya nao walikuwa na wazamiaji wao wa shida. Wanaume wa Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, walizamia sifongo za kuogea. Katika miaka ya 1860 liliwafikia vazi jipya la turubai na helmeti ya shaba, hewa inasukumwa kutoka kwenye mashua kwa bomba. Kwa mara ya kwanza mzamiaji wao aliweza kukaa chini muda mrefu bila kubana pumzi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ngoja nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kitu. Kila mita 10 unazoshuka, maji hukugandamiza kwa nguvu sawa na ya hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mwili ukigandamizwa hivyo, naitrojeni iliyomo katika hewa unayovuta huyeyukia ndani ya damu. Ukipanda polepole, inatoka taratibu kwa pumzi. Ukipanda haraka, inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla: mapovu. Mapovu hayo yakikaa kwenye kiungo unapiga kelele, yakikaa kwenye uti wa mgongo unapooza. Vijana wengi wa Kalymnos walikufa hivyo au walirudi viwete. Kisiwa hicho kina ngoma ambayo kiongozi wa safu huigiza mzamiaji aliyepooza, anatetemeka miguu, anajaribu kusimama na fimbo. Watu waliweka msiba wao katika ngoma, kama wenzao wa Ghuba walivyoweka lugha yao.

Aliyetafuta dawa ni mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane. Aliwaweka mbuzi ndani ya chumba cha mgandamizo, akapima ni kwa kasi gani mnyama anaweza kurudishwa kwenye hewa ya kawaida bila kudhurika. Mwaka 1908 alichapisha majedwali ya kumwongoza mzamiaji apande kwa vituo. Hesabu anazotumia mtalii wa leo kwenye saa yake ya kuzamia ni wajukuu wa hesabu zile za mbuzi.

Lakini bado mtu alikuwa amefungwa kwenye bomba. Aliye juu akiacha kupampu, wa chini amekwisha. Uhuru ulikuja kutoka mahali usipotegemea. Mwaka 1943 Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani na petroli ilikuwa haipatikani. Mhandisi Émile Gagnan alikuwa ametengeneza valvu ya kuyawezesha magari kutumia gesi. Wewe msomaji wa Dar uliyepanda bajaji ya gesi, utamwelewa mara moja. Ofisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, alikuwa anatafuta kifaa cha kumpa mzamiaji hewa pale tu anapoivuta. Valvu ya gari ikarekebishwa, ikafungwa kwenye mtungi, na mtu akaweza kuogelea chini kama samaki, bila kamba wala bomba wala nahodha.

Ukiangalia kwa makini, hayo ni mapinduzi. Mzamiaji alibeba hewa yake mwenyewe. Lakini hewa iliyotiwa mtungini imekuwa bidhaa. Ina bei, na ikishakuwa na bei, watu hugawanyika mara moja kati ya anayeweza kuinunua na anayeibeba begani.

SINEMA NA BARUTI

Mwaka 1956 Cousteau na mwenzake Louis Malle walitoa sinema, Le Monde du silence. Sehemu zake zilipigwa katika Bahari ya Shamu na hii Bahari ya Hindi, hata Shelisheli. Ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka huo, na mwaka uliofuata ikapata Oscar. Mamilioni ya watu waliokuwa hawajui chini ya bahari kuna rangi walitoka ukumbini wanataka kwenda.

Sinema hiyo ina jambo ambalo kila kijana wa pwani angepaswa kulijua. Wanasayansi wanataka kuhesabu samaki wa kwenye mwamba fulani. Wanafanyaje? Wanalipua baruti. Samaki wanaelea wamekufa, wanaokotwa na kuhesabiwa. Mahali pengine papa wanavutwa juu ya meli na kupigwa mpaka kufa.

Sasa pima. Katika pwani ya Tanzania uvuvi wa baruti ulikuwa umeenea sana katika miaka ya 1990, na ulipopungua ulirudi tena. Umeharibu matumbawe ya miaka mamia kwa sekunde moja, na umewakata mikono vijana waliochelewa kuirusha chupa. Ni uharibifu, siutetei, na operesheni za serikali za baada ya 2015 zilizoupunguza sana ziliokoa mengi. Lakini mlipuko ni ule ule. Mmoja ulipata tuzo, mwingine unapata kifungo. Kwa haki nitasema pia kwamba Cousteau alibadilika. Mwaka 1960 alikuwa mstari wa mbele kupinga taka za nyuklia kutupwa Mediterania, na mpaka anakufa mwaka 1997 jina lake lilikuwa la mtetezi wa bahari. Mwenye meli na kamera alipewa nafasi ya kujifunza. Mvuvi wa baruti hukumbukwa kwa mlipuko wake wa mwisho tu.

KUNDI LINASHUKA

Watu waliotamani kwenda walihitaji wa kuwapeleka. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alianzisha Club Méditerranée na kufungua kijiji cha mahema huko Majorca: watu wanalipa mara moja, wanakula pamoja, wanacheza majini pamoja. Mwaka 1953 Waingereza waliunda chama chao, British Sub-Aqua Club. Mwaka 1966 Wamarekani wawili, John Cronin na Ralph Erickson, walianzisha PADI, ambayo iliugeuza uzamiaji kuwa kozi ya siku chache yenye kadi mwishoni. Ujuzi uliokuwa wa wanajeshi na mafundi ukawa wa karani, mwalimu na daktari aliye likizoni. Ndege za bei nafuu zikafanya yaliyobaki.

Pwani yetu ikaingia kwenye ramani. Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Zanzibar ilifungua milango kwa wawekezaji katikati ya miaka ya 1980. Tanzania Bara ilipitisha sheria ya hifadhi za bahari mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa na hifadhi yake, ambamo wenyeji wanaendelea kuishi na kuvua kwa masharti.

Kundi lenyewe likoje? Hili nalijua kwa macho, maana baada ya kumaliza sekondari na kukosa dili mjini, nilifanya kazi msimu mmoja wa kaskazi kaskazini mwa Unguja, mbeba mitungi wa kutwa katika hoteli ambayo sitaitaja. Kundi la kawaida ni watu wanane au kumi. Wanawekwa wawili wawili, kila mtu mlinzi wa mwenzake, kwa sababu chini huwezi kuita. Wanafundishwa lugha ya vidole. Kidole gumba juu hakimaanishi "poa", kinamaanisha "tupande". Poa ni kidole cha shahada na gumba vikikutana kuwa duara. Ukichanganya, utawapandisha watu kumi bure.

Halafu kuna hesabu ya hewa. Mtungi wa lita 12 ukijazwa kwa bari 200 una hewa kama lita 2,400. Mtu akivuta lita 20 kwa dakika, juu ya maji angekaa saa mbili. Kwenye mita 20, mgandamizo ni mara tatu, hivyo hewa ile ile inakwisha kwa dakika 40, na lazima akiba ibaki. Kwa hiyo mtalii ananunua dakika. Anakodi pumzi kwa muda, kama sisi tulivyokuwa tukikodi baiskeli kwa nusu saa tukiwa watoto, na mwenye baiskeli anatazama saa.

Nilibeba mitungi mamia msimu ule, na hakuna hata mmoja nilioufungua kinywani mwangu. Sikukatazwa kwa maneno. Bei ya kozi tu ilinitosha, ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa miezi kadhaa. Siku moja nilimuuliza nahodha wa boti yetu, mzee ambaye sote tulimwita ami, "Ami, wewe umeshashuka chini na mtungi?"

"Wee kijana," akasema, "mie nilikuwa nikizamia pweza na kombe mwamba huu huu, miwani tu na pumzi ya Mungu. Hao wanaonyeshwa pweza wa mapango niliyoyajua mie. Mtungi wa nini?"

Nikacheka, lakini jibu lile lilinikaa. Ami aliijua bahari ya chini kuliko mwongozaji aliyekuja na ndege, ila elimu yake haikuwa na kadi. Kwenye mshahara alihesabiwa dereva.

Nisije nikasema uongo kwa kunung'unika. Mambo yamesogea. Leo Nungwi, Kendwa na Mafia wapo vijana wa Kitanzania wanaoongoza makundi na kufundisha. Kisiwani Chumbe, kilichofanywa hifadhi mwaka 1994, walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani waliofunzwa, na wanafunzi wa shule za Unguja hupelekwa huko kuelea na miwani na kuona matumbawe yao. Tena Chumbe wageni hawaruhusiwi kuzamia na mitungi kabisa. Nungwi kumekuwa na Mradi wa Panje uliofundisha wasichana kuogelea, wamevaa mavazi ya heshima, katika kijiji ambacho mwanamke alikuwa akiishi hatua chache kutoka majini bila kujua kuelea. Kwa hiyo inawezekana. Haijawa kawaida tu.

SIKU TULIZOIHITAJI PUMZI

Mtu anaweza kuniambia: acha wivu, starehe ya mgeni inakuumiza nini? Hainiumizi. Kinachoniuma ni tarehe.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Viktoria ikiikaribia Mwanza. Kwa saa kadhaa ilielea kichwa chini, na waliopanda juu ya bati lake walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Ndani kulikuwa na hewa, ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli na ndiyo waliyokuwa wakiivuta walionaswa. Bati likatobolewa ili watu watolewe. Hewa ikatoka kwa tundu lile, na meli ikazama. Mamia ya watu walikufa. Kina chake kilikuwa kama mita 25 tu. Kumbuka namba hiyo: ni kina ambacho makundi ya likizo huteremka asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana. Lakini wapiga mbizi wa kuitafuta miili ilibidi waletwe kutoka Afrika Kusini.

Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi. Pale kina kilikuwa kirefu mno kwa mzamiaji yeyote, lakini juu ya maji boti za wavuvi na boti za vituo vya kuzamia zilitoka kuokoa walioshika magodoro na mbao. Siku hiyo boti ya mtalii na ngalawa ya mvuvi zilifanya kazi moja.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimkuta mtu mmoja yu hai ndani ya kivuko, mahali hewa ilipobaki. Safari hii waliomfikia walikuwa Watanzania. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu tundu la MV Bukoba. Na bado, ndege ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na abiria na wahudumu 43, waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi. Walitoka wazima 24, wakafa 19.

Ndiyo maana sikubali kwamba uzamiaji ni habari ya likizo ya watu wengine. Katika nchi yenye bahari upande mmoja na maziwa makuu upande mwingine, kujua kupumua chini ya maji ni sawa na kujua kuzima moto. Ujuzi huo upo ufukweni kwetu kila asubuhi, una kompresa, una walimu, una boti. Unaondoka saa tatu na kundi la watu wanane, unarudi saa sita. Vijana wanaoubeba begani hawafundishwi, labda mmoja mmoja kwa bahati. Serikali ikidai kila kituo kinachopewa leseni kifundishe wenyeji kadhaa kwa mwaka bila ada, mwenye hoteli hatafilisika, na siku kivuko kitakapopinduka hatutasubiri ndege kutoka nje.

NA SISI WAANDISHI JE?

Nawageukia wenzangu mnaoandika usiku kwenye madaftari kama mimi. Sehemu kubwa ya dunia imeijua bahari ya chini kwa vitabu na sinema za waliolipa kushuka. Ndani yake samaki wana majina, boti ina jina, mgeni ana jina, na mweusi aliyeshika usukani ni "the captain" au hayumo. Na wale wa Ghuba waliobana pua kwa pembe tumeachiwa na karatasi za karani, sentensi chache kwa kila mtu, zimeandikwa kwa Kiingereza na mtu mwingine.

Matumbawe nayo hayatatungoja. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia, na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba yanapauka tena dunia nzima. Kuna mapango ya pweza ambayo watu pekee wanaoyajua kwa jina ni wazee wa miaka sabini. Wakiondoka, majina yanaondoka.

Kwa hiyo wewe unayekaa pwani, kabla hujaanza hadithi nyingine ya mapenzi ya chuo, nenda kwa mpiga mbizi mmoja mzee. Mpe shikamoo, kaa chini, usimkate maneno. Muulize miamba ile wanaiitaje, alijifunza kwa nani, alishuka pima ngapi, nani hakupanda. Muulize mapato waligawana vipi na nani aliandika hesabu. Andika kama anavyosema, kwa lafudhi yake, na jina lake liwe juu ya ukurasa akikuruhusu. Mimi nimeanza na ami. Mpaka sasa nina madaftari mawili, na bado hatujatoka kwenye mwamba wa kwanza.